Mguu unaosimama njiani: miaka karibu 200 ya kutafuta dawa, kati ya kisu na kutembea

Mzee anatoka kwenye hema asubuhi na bidoni ya lita 10 mkononi. Hatua za kwanza ni nzuri, mtu hawezi kujua kama ana shida. Akifika hatua mia mbili hivi, shavu la mguu wa kulia linaanza kubana, kama mtu anayekamua nguo yenye maji. Anasimama. Anajifanya kuangalia simu, au anaanza kusalimia watu asiowajua. Baada ya dakika tatu maumivu yameisha kabisa. Anaendelea na safari, na baada ya hatua mia mbili nyingine mguu unamkamata tena, pale pale.

Jirani mmoja anasema ni uzee. Mwingine anasema mzee amekanyaga dawa aliyotegewa njiani. Wa tatu anasema ni uvivu, hataki tu kuchota maji. Na wakati watu wanakimbia risasi, wakitembea usiku kucha na magodoro kichwani, mtu wa namna hii ndiye anayebaki nyuma. Watoto wake wanadhani amechoka, kumbe mguu wake hauna damu ya kutosha.

Ugonjwa huu unajulikana, na historia yake ni ndefu. Ndani yake kuna farasi, askari mwenye risasi mwilini, mfalme wa Uingereza, mwalimu wa kutarizi nguo na mashini ya kushona. Ndani yake kuna pia swali ambalo madaktari wamebishana juu yake zaidi ya miaka 100: mtu wa namna hii apumzike, apasuliwe, au atembee?

Kwanza, nini kinatokea ndani ya mguu

Damu inatoka kwenye moyo, inashuka tumboni kwa mshipa mkubwa mmoja, kisha mshipa huo unagawanyika mara mbili karibu na kitovu, mmoja kwa kila mguu. Mtu akiwa kijana mishipa hiyo ni laini ndani kama robine mpya. Miaka inavyopita, hasa kwa mvutaji wa tumbako, kwa mwenye ugonjwa wa sukari, kwa mwenye tansio na kwa mwenye mafuta mengi katika damu, uchafu mgumu wa mafuta na chokaa unajishika kwenye ukuta wa mshipa. Njia inakuwa nyembamba.

Mtu akikaa, nyama za mguu hazihitaji damu nyingi, ile kidogo inayopita inatosha. Akianza kutembea, nyama hizo zinaomba damu mara nyingi zaidi, na mshipa ulioziba hauwezi kuleta. Nyama zinalia njaa, na kilio chao ni yale maumivu. Akisimama, deni linalipwa, maumivu yanaondoka. Hiyo ndiyo alama yake kubwa: maumivu yanakuja kwa kutembea, yanaisha kwa kusimama dakika chache, na yanarudi kwa umbali ule ule.

Hapo ndipo unatofautiana na magonjwa mengine ya miguu. Konzo, inayojulikana vizuri hapa Congo kwa sababu ya mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, inakuja kwa ghafla, inakaza miguu yote miwili na haiondoki kwa kupumzika. Maumivu ya magoti yanaanza na hatua ya kwanza. Mishipa ya fahamu ya mgongo ikibanwa, mara nyingi mtu anapata nafuu akikaa au akiinama, siyo kwa kusimama tu.

Neno ambalo madaktari wanaandika kwenye karatasi kwa Kifaransa linatoka katika Kilatini, na maana yake ni kuchechemea kwa vipindi. Wajerumani na Waholanzi wameupa ugonjwa huu jina la mitaani: ugonjwa wa kuangalia madirisha ya maduka. Mgonjwa anaona haya, kwa hiyo kila akisimama anajifanya anatazama bidhaa. Mzee wa kambini anayejifanya kuangalia simu ana ndugu zake Berlin na Amsterdam.

Na si ugonjwa wa wazungu peke yao. Hesabu iliyotolewa mwaka 2013 katika jarida la madaktari la Lancet ilionyesha kwamba mwaka 2010 watu karibu milioni 202 duniani walikuwa na mishipa ya miguu iliyoziba, wenye maumivu na wasio na maumivu, na karibu 7 katika kila 10 kati yao waliishi katika nchi maskini na za kipato cha kati.

Farasi kabla ya mtu

Aliyeanza kueleza jambo hili vizuri hakuwa daktari wa watu. Mwaka 1831 daktari wa wanyama Mfaransa aitwaye Bouley aliandika habari ya farasi aliyekuwa akivuta gari la abiria. Farasi huyo alikimbia vizuri kwa dakika chache, kisha miguu ya nyuma ikakakamaa na akashindwa kuendelea. Akipumzishwa, alirudi kuwa mzima kama hakuna kilichotokea. Mnyama alipokufa Bouley alimpasua na kukuta mishipa mikubwa ya mapaja imeziba.

Mwaka 1846 daktari wa London, Benjamin Brodie, alieleza kwamba mambo kama hayo yanawapata watu. Lakini aliyeufanya ugonjwa ujulikane ni Jean-Martin Charcot wa Paris, mwaka 1858. Mgonjwa wake alikuwa askari wa zamani, aliyebaki na risasi ndani ya mwili tangu vita. Kila akitembea karibu robo ya saa, mguu mmoja ulikufa ganzi na kuuma mpaka akae chini. Alipofariki, Charcot alikuta risasi iko karibu na mshipa mkubwa wa nyonga, na mshipa huo umefungwa. Hapo Charcot akakumbuka farasi wa Bouley, akaunganisha habari hizo mbili. Wale wanaoishi Kivu na Ituri, ambako watu wengi wanatembea na vipande vya chuma mwilini, hawatashangaa kwamba sura ya kwanza ya historia hii ina risasi ndani yake.

Mjerumani aliyesema: tembea

Baada ya Charcot ugonjwa ulikuwa na jina, lakini dawa haikuwepo. Madaktari wengi walifikiri kwa akili ya kawaida: kama kutembea kunaleta maumivu, basi mtu asitembee. Mgonjwa aliambiwa akae, alale, ainue mguu. Ndivyo familia nyingi zinavyofanya hata leo, kwa upendo: mzee, kaa, tutakuletea kila kitu.

Mwaka 1898 daktari Mjerumani Wilhelm Erb wa Heidelberg aliandika kinyume chake. Alikuwa ameona wagonjwa wengi wa namna hii, na aliona kwamba mazoezi ya kutembea yanawasaidia. Aliona pia kwamba wengi wao walikuwa wavutaji wakubwa wa tumbako. Miaka 10 baadaye, mwaka 1908, Leo Buerger wa New York alichunguza miguu iliyokatwa ya wanaume vijana, akaeleza ugonjwa mwingine wa mishipa unaofungamana sana na sigara. Ugonjwa huo unabeba jina lake mpaka leo.

Kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 mambo mawili ambayo bado ni nguzo ya matibabu yalikuwa yameshasemwa: acha tumbako, tembea. Lakini hayakusikika sana. Hayakuwa na utukufu, wala hayakuhitaji chombo chochote. Na wakati huohuo sayansi ya kisu ilikuwa inaanza kufanya maajabu.

Rais aliyechomwa kisu, na mwalimu wa kutarizi

Tarehe 24 mwezi wa sita 1894, rais wa Ufaransa Sadi Carnot alichomwa kisu mjini Lyon. Kisu kilikata mshipa mkubwa wa ini, na usiku huo akafa. Wapasuaji waliomzunguka hawakuwa na njia ya kushona mshipa wa damu: ukishonwa ulivuja, au damu iliganda na kuuziba.

Mjini humo alikuwepo mwanafunzi wa udaktari, Alexis Carrel. Hakukubali kwamba jambo hilo haliwezekani. Lyon ni mji wa hariri, na Carrel alikwenda kujifunza kwa mama mmoja mtarizi, Madame Leroudier, jinsi ya kutumia sindano nyembamba kabisa na uzi wa hariri. Mwaka 1902 alitangaza njia yake: unavuta mdomo wa mshipa kwa nyuzi tatu mpaka unakuwa kama pembetatu, ndipo unashona upande baada ya upande. Mwaka 1912 alipewa tuzo ya Nobel. Mshono huo ndio mzazi wa upasuaji wote wa mishipa uliofuata, na ndani yake kuna mkono wa mama ambaye kazi yake ilikuwa kupamba nguo.

Mwaka 1906 mpasuaji wa Madrid, José Goyanes, alitumia mshipa wa mgonjwa mwenyewe, ule unaorudisha damu kwenye moyo, kuziba pengo la mshipa ulioharibika nyuma ya goti. Wazo zuri, lakini lilikaa miaka 40 kabla ya kuwa dawa ya kila siku. Mambo mawili yalikosekana: dawa ya kuzuia damu isigande, na njia ya kuona ndani ya mguu kabla ya kuukata. Dawa iliyozuia damu kuganda, heparini, ilianza kuonekana katika maabara ya Baltimore, Marekani, mwaka 1916, na iliingia hospitalini katika miaka ya 1930. Picha ya mishipa ilitoka Lisbon, Ureno: mwaka 1929 Reynaldo dos Santos alichoma dawa katika mshipa mkubwa wa tumbo na kupiga picha, na kwa mara ya kwanza ramani ya mto huo ikaonekana kwa mtu aliye hai.

Mguu wa mfalme

Kabla ya njia hizo mpya kuenea, kulikuwa na upasuaji mwingine. René Leriche, Mfaransa, na wenzake walikata mishipa ya fahamu iliyo pembeni ya uti wa mgongo, ile inayoamuru mishipa ya damu ijikunje. Waliamini kwamba ikikatwa, mishipa ya mguu itapanuka. Mguu ulipata joto zaidi, na vidonda vingine vilipona. Lakini mtu aliyekuwa anasimama kila baada ya mita mia mbili, mara nyingi aliendelea kusimama pale pale.

Mgonjwa aliyejulikana zaidi wa upasuaji huo alikuwa mfalme George wa Sita wa Uingereza. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mwaka 1948 miguu yake ilianza kubana na kufa ganzi, na madaktari waliogopa kwamba mguu wa kulia utakatwa. Safari yake ya Australia ikaahirishwa. Mwezi wa tatu 1949, chumba cha jumba la Buckingham kiligeuzwa kuwa chumba cha upasuaji, na mpasuaji kutoka Edinburgh, James Learmonth, akakata mishipa hiyo ya fahamu. Mguu uliokoka, lakini tumbako ilikuwa imeshaharibu sehemu nyingine. Mwaka 1951 alitolewa pafu moja kwa sababu ya saratani. Tarehe 6 mwezi wa pili 1952 alifariki, akiwa na umri wa miaka 56. Binti yake Elizabeth alikuwa Kenya siku hiyo, na huko ndiko alipopata habari kwamba amekuwa malkia.

Mfalme alikuwa na madaktari bora wa nchi yake, mpaka nyumbani kwake. Upasuaji ulimwokolea mguu. Haukuweza kumwondolea kilichokuwa kinaua mishipa.

Kukwangua, kupitisha njia nyingine, kuweka bomba jipya

Baada ya vita kuu ya pili, mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1946, huko Lisbon, João Cid dos Santos, mtoto wa yule Reynaldo, alifungua mshipa wa paja ulioziba na kukwangua uchafu kutoka ndani, kama mtu anavyokwangua sufuria iliyoungua. Watu walidhani mshipa uliokwanguliwa utaziba hapohapo. Kwa msaada wa heparini, ulibaki wazi.

Mwaka 1948, Paris, mwanafunzi wa Leriche aitwaye Jean Kunlin alifanya jambo jingine. Hakugusa sehemu iliyoziba. Alichukua mshipa mrefu ulio chini ya ngozi ya mguu wa mgonjwa mwenyewe, akaushona juu ya mahali palipoziba na chini yake, damu ikazunguka. Ni kama daraja likivunjika, watu wanafungua njia ya pembeni. Mpaka leo, kwa mguu unaotaka kuoza, njia ya Kunlin ni moja ya matibabu makubwa.

Mwaka 1950 Jacques Oudot wa Paris alibadilisha ile njia panda ya mshipa mkubwa wa tumbo kwa kuweka mshipa wa mtu aliyekufa. Huyu Oudot alikuwa ametoka tu kwenye mlima Annapurna wa Himalaya, ambako mwaka huohuo alikuwa daktari wa Wafaransa waliopanda kilele chake na kurudi na vidole vilivyokufa kwa baridi.

Lakini mishipa ya maiti ni migumu kupatikana na inaharibika. Arthur Voorhees wa New York alikuwa ameona kitu kidogo katika maabara: uzi wa hariri uliobaki ndani ya moyo wa mbwa ulifunikwa na utando laini, damu haikuganda juu yake. Akafikiri: kama uzi unafunikwa, kitambaa nacho kitafunikwa. Mwaka 1952 yeye na wenzake walitangaza mabomba ya kitambaa yaliyofanya kazi ya mshipa. Mwaka 1954, Houston, Michael DeBakey, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanon aliyefundishwa kushona na mama yake, alitengeneza mabomba ya kitambaa cha dakroni kwa mashini ya kushona ya nyumbani. Kitambaa hicho kinatumiwa mpaka sasa.

Mwanamke aliyekataa kukatwa mguu

Tarehe 16 mwezi wa kwanza 1964, katika mji wa Portland, Marekani, mwanamke wa miaka 82 alilala katika hospitali. Mguu wake ulikuwa na kidonda, na vidole vilikuwa vimeanza kuoza. Wapasuaji walisema mguu ukatwe. Yeye alikataa.

Akapelekwa kwa Charles Dotter, daktari wa picha, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuonyesha ugonjwa, siyo kuutibu. Dotter alipitisha waya mwembamba katika mshipa wa paja, kisha juu ya waya akapitisha mrija, kisha mrija mnene kidogo, mpaka sehemu iliyobana ikapanuka. Hakuna kisu kikubwa, hakuna usingizi wa dawa. Mguu ukapata joto. Maumivu yakaisha, kidonda kikapona. Mama huyo aliishi zaidi ya miaka miwili baada ya siku hiyo, akitembea kwa miguu yake miwili.

Wapasuaji wengi wa Marekani walimwona Dotter kama mwenda wazimu. Ulaya walimsikiliza zaidi. Mjerumani Andreas Grüntzig, akifanya kazi Zürich, alitafuta njia ya kupanua mshipa bila kuuchubua kwa mirija minene. Jioni, juu ya meza ya jikoni nyumbani kwake, alitengeneza puto dogo refu lililofungwa kwenye mrija. Mwaka 1974 alilitumia katika mguu wa mtu. Mwaka 1977 alilitumia katika mishipa ya moyo, na dunia nzima ikalijua. Baadaye zikaja stenti, vimirija vya wavu wa chuma vinavyobaki ndani ili mshipa usijifunge tena. Dotter na Grüntzig walifariki mwaka mmoja, 1985.

Kutembea kunarudi

Wakati wote huo, neno la Erb lilikuwa limelala. Mwaka 1966, Copenhagen, madaktari wawili, Larsen na Lassen, waliamua kulipima. Walichukua wagonjwa 14 tu. Nusu walipewa mazoezi ya kutembea kila siku, nusu walipewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 6, waliotembea walikuwa wanakwenda mbali zaidi. Utafiti mdogo, lakini ulikuwa umefanywa kwa haki, kwa kulinganisha.

Uchunguzi mwingine ulifuata, na mwaka 1995 Wamarekani wawili, Gardner na Poehlman, walikusanya matokeo ya tafiti 21. Kabla ya mazoezi, wagonjwa kwa wastani walitembea mita 126 kabla maumivu hayajaanza. Baada ya mazoezi, mita 351. Umbali wa mwisho, pale mtu anaposhindwa kabisa, ulipanda kutoka mita 326 hadi 723. Waliofaidika zaidi ni wale waliotembea zaidi ya nusu saa kila mara, angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi 6, na waliotembea mpaka maumivu yawe karibu na mwisho wa uvumilivu kabla ya kusimama.

Je, kisu na puto? Huko Sweden, mwaka 1989, wagonjwa 75 waligawanywa: wengine kupasuliwa, wengine mazoezi, wengine vyote viwili. Wote walipata nafuu, waliopasuliwa walikwenda mbali zaidi, na waliopata vyote viwili walifanya vizuri kuliko wote. Lakini upasuaji mkubwa una hatari zake. Mwaka 2012 yakatoka matokeo ya utafiti wa Marekani na Kanada uliowachukua wagonjwa 111 wenye mishipa iliyoziba juu, karibu na tumbo. Baada ya miezi 6, waliopewa dawa peke yake waliongeza dakika 1.2 za kutembea. Waliowekewa stenti waliongeza dakika 3.7. Waliofanya mazoezi chini ya msimamizi waliongeza dakika 5.8. Waliowekewa stenti, hata hivyo, walisema wao wenyewe kwamba maisha yao yamekuwa mepesi zaidi. Mwaka 2015 Waholanzi walionyesha kwamba puto na mazoezi pamoja, kwa mwaka mmoja, vinashinda mazoezi peke yake.

Kwa hiyo ugomvi wa zamani umepata jibu la kutosha. Kwa mtu ambaye shida yake ni maumivu ya kutembea tu, mazoezi yanaanza kwanza. Uingereza iliandika hivyo katika mwongozo wake wa mwaka 2012: saa mbili za mazoezi kwa wiki, kwa miezi mitatu, na msimamizi. Marekani, mwaka 2017, bima ya serikali ya wazee ilikubali kulipia mazoezi hayo mara 36 katika wiki 12. Puto na kisu vinafuata kama mazoezi hayakutosha na maisha bado ni magumu, au kama mguu wenyewe uko hatarini.

Kwa nini kutembea kunasaidia wakati mshipa bado umeziba? Uchafu hauondoki. Lakini nyama za mguu zinajifunza kutumia vizuri damu kidogo inayofika, mishipa midogo inapanuka zaidi pale inapohitajika, na mtu anajifunza kutembea bila kupoteza nguvu. Mshipa ni uleule, mguu umekuwa mwingine.

Hii inamaanisha nini kambini na mtaani

Katika sehemu nyingi za mashariki mwa Congo, mashini ya kupiga picha ya mishipa iko mbali, na mpasuaji wa mishipa yuko mbali zaidi. Lakini dawa ya Erb haihitaji umeme wala franka.

Inafanywa hivi. Mtu anatembea kwa mwendo wake mahali patambarare, bila mzigo, mpaka maumivu yawe makali lakini yanavumilika. Anasimama au anakaa mpaka yaishe kabisa. Anatembea tena. Anafanya hivyo nusu saa, akihesabu na mapumziko, kisha anaongeza polepole mpaka saa moja. Angalau siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi. Maumivu hayo ya kutembea hayaharibu mguu. Kubeba bidoni au gunia la makala hadi kuchoka si zoezi hili: mzigo unakula nguvu kabla mguu haujapata faida. Na mwenye maumivu ya kifua, au anayekosa pumzi, amwone daktari kwanza, kwa sababu mishipa ya moyo huziba kwa ugonjwa uleule. Kwa kweli, watu wachache tu wenye maumivu haya ya kutembea wanakatwa mguu. Wengi zaidi wanauawa na moyo au kiharusi. Ndiyo maana kuacha tumbako, kupima tansio, kupima sukari na kumeza dawa ambazo daktari ameandika ni sehemu ya matibabu.

Kituo cha afya kinaweza kuanza kwa mkono tu: muuguzi anatafuta mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha mguu. Akiwa na chombo kizuri, analinganisha tansio ya kifundo na ya mkono. Ya kifundo ikiwa chini ya sehemu 9 katika 10 za ile ya mkono, kuna mshipa ulioziba.

Kuna alama ambazo hazingoji mazoezi. Maumivu ya wayo usiku, yanayomfanya mtu auteremshe mguu chini ya kitanda ili apate nafuu. Kidonda cha mguu kisichopona baada ya wiki mbili, hasa kwa mwenye sukari. Kidole kinachobadilika kuwa cheusi. Na mguu unaokuwa baridi, mweupe na wenye maumivu makali kwa ghafla: huyo apelekwe hospitalini saa hiyohiyo, kwa pikipiki, kwa chukudu, kwa machela, kwa sababu saa chache zinatosha kuupoteza. Kukanda kwa maji ya moto sana au kuchanja mguu usio na damu kunaleta kidonda kisichopona.

Yule mzee wa bidoni hahitaji kuchekwa, na hahitaji kukalishwa mkekani siku nzima. Mjukuu anaweza kumbebea maji, kisha jioni, jua likipungua, akatembea naye mpaka mguu useme, wakasimama pamoja, wakaanza tena. Wiki ya kwanza watafika kwenye bomba la maji. Baada ya miezi mitatu, huenda wakafika barabarani na kurudi.